Tumuulize Msomaji au Tumfuate?

Tarime na Serengeti zina wanafunzi wa chuo kikuu ambao huwezi kuwaona ukitafuta kampasi. Ni mwalimu wa sekondari anayesomea shahada Chuo Kikuu Huria huku vipindi vyake vyote vikimngoja. Ni muuguzi wa Mugumu, ni askari wa wanyamapori, ni kijana aliyerudi likizo kutoka Dar es Salaam au Dodoma na sapu yake mkobani. Kituo cha Huria kipo Musoma. Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Mwalimu Nyerere kipo Butiama. Kusoma kwenyewe, kule kuinamia daftari usiku baada ya usiku, kunafanyika nyumbani, au popote penye taa.

Tuseme basi upo ukumbi wa zamani wa halmashauri, Tarime mjini au Mugumu, na zimepatikana fedha kidogo za kuugeuza kuwa chumba cha kujisomea cha pamoja. Tuanze na wasomaji, tuchunguze wanavyosoma, au tuanze na fundi? Watu niliowakalisha mezani hapa ni wa kubuni, ila hoja zao utazisikia katika kikao chochote ukikaa viti vya nyuma. Mimi nina upande wangu, na sitauficha.

MHANDISI: Nianze mimi, maana lawama zikija zinaishia mezani kwangu. Mwaka 2021 zilipokuja zile fedha za UVIKO-19, shilingi trilioni 1.3 kwa sekta mbalimbali, tuliagizwa nchi nzima tujenge madarasa 15,000: 12,000 ya sekondari na 3,000 ya shule shikizi. Mlijionea kasi yake. Siri ni ramani moja na vipimo vimoja. Tungesema kwanza tuchunguze mtoto wa Sirari anakaaje na mtoto wa Nata anakaaje, leo tungekuwa bado tunajaza madodoso. Mwaka wa fedha hufungwa Juni 30. Haumngoji mtu amalize kufikiri.

MWALIMU: Kuhusu madarasa sikupingi. Lakini mtoto wa darasani kengele ikilia anaingia, hata dirisha likiwa halina kioo. Mimi sina kengele. Nikija ukumbini kwako saa moja usiku nikakuta benchi linaumiza mgongo na taa moja tu katikati ya dari, kesho siji. Darasa bovu hujaa. Chumba cha kujisomea kikiwa kibovu kinabaki kitupu, na wewe unaandika kwenye taarifa kwamba watu wa Tarime hawapendi kusoma.

Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo iliyonipeleka upande wa wanaotaka uchunguzi. Chumba kikikosa watu, tunawahi kuwasema watu.

MHANDISI: Basi tuwaulize. Mtendaji aitishe mkutano, wasomaji waseme wanachotaka, uandikwe muhtasari, nichore. Siku moja inatosha.

MKUTUBI: Mikutano hiyo tunayo siku nyingi, mhandisi. Tangu miaka ya 2000 vijiji vinapanga mipango kwa utaratibu wa Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo, na ukisoma orodha za vijiji viwili visivyojuana unaweza kudhani aliyeandika ni mmoja: darasa, zahanati, choo, barabara. Hakuna aliyesema uongo. Mtu huomba kile anachojua kwamba muulizaji anaweza kukitoa. Nenda kamuulize mwanafunzi anataka chumba cha namna gani. Atakwambia vitabu vingi, kompyuta, kiyoyozi. Kiyoyozi, hapa Tarime, ambako mwezi wa sita saa mbili usiku kila mtu anatafuta sweta!

MWANAFUNZI: Na mkutanoni hatuwi wote. Mimi ni msichana wa Serengeti. Iritongo ya Wakurya tunaifahamu: wazee wanasema, vijana wanasimama pembeni, wanawake wanasikia habari jioni. Mkutano wa mtendaji una viti vya plastiki na daftari la mahudhurio, lakini wanaosimama kuzungumza ni walewale. Niulize kitu kuhusu choo au kuhusu kurudi nyumbani usiku mbele ya baba zangu wadogo, nitakujibu kwamba hakuna shida.

ASKARI: Ndiyo maana mimi nasema tusiulize kabisa. Tuhesabu. Mwaka 1958 Bernhard Grzimek na mwanawe Michael walizunguka na kindege juu ya Serengeti wakihesabu wanyama. Michael akafa Januari 1959, kindege kilipogongana na tai. Hesabu haikufa naye. Leo nyumbu wanakadiriwa, na inajulikana wapi wanapita mwezi gani. Hakuna aliyewaita nyumbu mkutanoni. Ukitaka kujua njia ya mnyama, unaangalia nyayo, kinyesi na majani yaliyoliwa. Tukae Mugumu, kila baada ya saa moja tuhesabu nani anasoma wapi: kwenye steshenari, kibaraza cha kanisa, chumba cha walimu, mgahawani. Tutajua ukweli bila kumsumbua mtu.

MWANAFUNZI: Afande, samahani, sisi si nyumbu.

ASKARI: Sijasema hivyo.

MWANAFUNZI: Umekaribia. Kwetu ni Robanda, kwenye jumuiya ya hifadhi ya Ikona. Huko watafiti tunawazoea kama mvua za masika. Anakuja wa tembo, anakuja wa ujangili, anakuja wa mila, kila mmoja na barua yake kutoka mkoani, ikashuka wilayani, ikashuka kwa mtendaji wa kata, ikafika kwa mtendaji wa kijiji. Wanauliza mama ana ng'ombe wangapi. Mara ya kwanza alitaja wote. Mara ya tatu akapunguza, maana majibu yake hajawahi kuyaona yakirudi. Watu wa Nyamongo kule mgodini nao waulizwe, watasema hivyohivyo. Ukihesabu kimyakimya utakuwa umefanya vibaya zaidi: hata ile nafasi ya kukudanganya umeninyima.

MKUTUBI: Tena kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Kuhesabu vichwa bila majina sina tatizo nako. Kumpiga mtu picha akiwa amesinzia juu ya daftari ni jambo jingine.

Askari amepigwa hapa, lakini nisingependa aondoke mikono mitupu. Kuhesabu kuna heshima yake: kunaonyesha mambo ambayo msomaji mwenyewe hayajui, kwa mfano kwamba viti vya karibu na soketi hujaa kwanza na meza ya katikati, iliyonunuliwa kwa bei kubwa, huwekwa mabegi. Udhaifu wake ni kwamba unamhesabu aliyefika. Yule aliyeshindwa kuja haachi unyayo wowote.

MHANDISI: Sasa mnanichanganya. Kuuliza hakufai, kuhesabu hakufai. Kilichobaki ni nini?

MKUTUBI: Kufuatana. Chuo Kikuu cha Rochester, jimbo la New York, walimwajiri mwanaanthropolojia, Nancy Fried Foster, aliyewahi kufanya utafiti Amazon na Papua New Guinea, wakamwambia: sasa wachunguze wanafunzi wetu. Hakuwaita ukumbini. Waliwapa kamera wapige picha za mahali wanaposomea na vitu wanavyobeba. Wakawapa ramani waandike walipopita kutwa nzima. Wakawapa karatasi na kalamu wachore chumba wanachokitamani. Jambo moja lililojitokeza ni kwamba wanafunzi walikuwa wakiandika kazi zao usiku, saa ambazo wakutubi wameshaondoka. Kitabu cha utafiti huo kilitoka mwaka 2007, na mwaka huohuo ukafunguliwa ukumbi wa Gleason ambao wanafunzi walishiriki kuusanifu.

MHANDISI: Marekani hiyo. Wana pesa ya kuajiri mtaalamu wa kuwaangalia wanafunzi wakila chipsi.

MKUTUBI: Usiseme Marekani. Kazi ya namna hii ina mizizi hapahapa. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, Marja-Liisa Swantz, mama wa Kifini aliyekuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwenye taasisi ya BRALUP, alikuwa akiwapeleka wanafunzi wake vijijini wachunguze mambo pamoja na wanavijiji, si juu ya migongo yao. Ukaja mradi wa Jipemoyo wilayani Bagamoyo, 1975 hadi 1979. Wageni walikuja kujifunza utafiti shirikishi kwetu. Leo tunaupokea ukirudi na bei ya ushauri elekezi.

MHANDISI: Nimekubali kwamba ni wetu. Sijakubali kwamba ni wa haraka.

MWALIMU: Nifuate mimi basi jioni moja, uone kama utachoka. Saa tisa na nusu natoka shule. Ningependa kubaki chumba cha walimu, pana meza, lakini ufunguo anaondoka nao makamu mkuu. Napita steshenari kuchapisha kurasa za moduli, kwa sababu kusoma kwenye simu kunaniumiza macho. Pale steshenari nakuta wenzangu wawili wa Huria, tunasimama kaunta tukibishana swali la mtihani wa mwaka jana mpaka mwenye duka anatuhurumia na kutupa stuli. Nyumbani kuna watoto, kuna televisheni, kuna mgeni. Saa nne wanalala. Nasoma mpaka saa sita, halafu nawasha bando la usiku kwa sababu ni rahisi, nashusha masomo ya wiki nzima. Mvua ikinyesha, na hapa kwetu inanyesha, bati linapiga kelele; hata ungetaka kusikiliza mhadhara kwenye simu, huwezi. Sasa niambie, mhandisi: katika jioni hiyo, ukumbi wako unaingia wapi?

MHANDISI: Saa kumi mpaka saa mbili. Kati ya shule na nyumbani.

MWALIMU: Naam. Na ulikuwa unapanga kuufungua saa ngapi?

MHANDISI: Saa za kazi. Saa moja na nusu asubuhi hadi saa tisa na nusu.

Hawakucheka, lakini mimi nilicheka nikiandika. Jioni moja ya mtu mmoja imefanya kazi ambayo dodoso la kurasa nane lisingefanya, na gharama yake ni mtu kukubali kusimama kaunta ya steshenari. Sisemi jioni moja inatosha. Zikifuatwa jioni kumi za watu wasiofanana, mwalimu, mama mwenye mtoto anayenyonya, mwanachuo wa uuguzi, kijana wa likizo, mhandisi atakuwa na kitu cha kuchora.

MWANAFUNZI: Ongeza na ya kwangu. Mimi nasoma Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Maktaba mpya ilizinduliwa Novemba 2018, imejengwa kwa msaada wa China, inaingiza watu zaidi ya 2,000 kwa wakati mmoja. Nzuri sana. Na bado vimbweta vya nje vinajaa! Zege tupu, hakuna egemeo, jua likizunguka unazunguka nalo. Watu wanapiga msuli pale kwa sababu unaruhusiwa kusema. Diskasheni haifanyiki kwa kunong'ona. Mtu anachora mchoro hewani, mwingine anakataa, wa tatu ameleta karanga. Ukitutengenezea chumba kimoja kikubwa chenye kibao cha "kimya", umewajengea wenye mtihani kesho, umewafukuza wenye mtihani mwezi ujao.

MHANDISI: Naweka ukuta katikati. Huku kimya, huku kelele.

MWANAFUNZI: Kabla hujaweka ukuta, weka vitambaa. Au kabati la vitabu. Kwa wiki chache tu. Tuone kelele zinapita wapi na watu wanakaa upande gani. Ukuta ukikosea, utaubomoa kwa fungu gani?

MHANDISI: Hapo umegusa kidonda, binti yangu, na sikusema mwanzo kwa sababu mngeniona mkaidi. Kwenye bajeti nina ujenzi, ukarabati, samani. Fungu la kujaribu sina. Nikinunua vitambaa, nikavitoa baada ya wiki tatu nikasema tumejifunza, mkaguzi ataandika hoja: vitambaa viko wapi? Nikijenga ukuta usiofaa, hakuna hoja. Ukuta upo, umepimwa, unaonekana.

Nakiri sikutegemea hoja nzito ya mjadala itoke upande huo. Tunapozungumza kuhusu kuwashirikisha watumiaji, tunadhani kikwazo ni kiburi cha wataalamu. Mara nyingine kikwazo ni jedwali la bajeti lisilo na mstari wa kosa dogo. Mfumo unasamehe kosa la zege na unaadhibu kosa la kitambaa. Ninavyoona, njia ipo: vitambaa, nyaya za kuongezea soketi na mabenchi ya kuazima vinaweza kuandikwa mapema kama sehemu ya usanifu, kabla ya mkataba, na vikabaki kuwa mali ya ukumbi hata jaribio likishindwa. Mkaguzi atavikuta kabatini.

MWALIMU: Upande wetu wa Tarime kuna fedha za mgodi wa North Mara. Tangu sheria ya madini irekebishwe mwaka 2017, mpango wa wajibu wa kampuni kwa jamii lazima upite halmashauri. Lakini fedha za namna hiyo hupenda jengo lenye kibao na jina la mfadhili. Sijaona kibao kilichoandikwa "soketi hizi zimefadhiliwa na".

ASKARI: Au "Luku ya mwezi huu".

MKUTUBI: Turudi kwa asiyefika. Binti, wewe ukiwa kijijini unaweza kuja ukumbi wa Mugumu usiku?

MWANAFUNZI: Kijijini sitoki usiku. Mashamba ya kando ya hifadhi tembo wanaingia jua likizama; ukikutana naye njiani hutamweleza kwamba unatoka maktaba. Nikiwa mjini kwa shangazi nitakuja, nikijua kuna mwenzangu wa kurudi naye na choo kina mlango unaofungwa kwa ndani. Novemba na Desemba za miaka ya tohara siji kabisa. Barabarani kuna vikundi, kuna ngoma, kuna watu wamelewa, na kuna wasichana wadogo zangu wanaotafuta pa kukimbilia. Miezi hiyo ndiyo mnayosema wanafunzi wako likizo, waje wajisomee.

ASKARI: Hilo hesabu yangu isingeliona. Ningeandika: Desemba, wasichana sifuri, hawapendi.

MKUTUBI: Na usingekuwa peke yako.

MHANDISI: Lakini jamani, mimi nifanye nini na tembo? Nifanye nini na tohara? Ninyi mnaniletea wilaya nzima, mimi nina chumba kimoja.

Swali lake ni la haki, na watetezi wa uchunguzi hulikwepa. Ukimfuata msomaji kwa uaminifu utafika mahali ambapo shida yake haitibiwi na meza. Wakati huo mchunguzi ana kishawishi cha kuandika ripoti kubwa kuhusu jamii na kuisahau meza. Mimi namtaka afanye kinyume: tembo hamwezi, lakini anaweza kuamua kwamba Robanda inahitaji makabati mawili ya vitabu, taa na meza pale shuleni mchana wa Jumamosi, badala ya kungoja watu wa huko wajaze ukumbi wa Mugumu usiku. Hata wakati wa kampeni ya Mtu ni Afya, mwaka 1973, watu wapatao milioni mbili walijifunza katika vikundi vya redio, na waliojifunzia chini ya mti hawakungoja ukumbi.

MWALIMU: Mhandisi, nikuombe kitu kimoja. Ramani yako ukimaliza, kabla haijasainiwa, ije pale steshenari. Ibandike ukutani wiki moja na kalamu imefungwa kwa uzi.

MHANDISI: Wataichora matusi.

MWALIMU: Wachache. Wengine watakwambia mlango unafungukia upande wa mvua.

MHANDISI: Haya. Steshenari. Na saa za kufungua tuweke mpaka saa nne usiku, tuone. Hilo silihitaji mkaguzi.

Nilidhani tumefika, ila kuna mtu ambaye mpaka hapa hakuitwa na yeyote, si na mhandisi, si na mkutubi mwenye Rochester yake, wala na mimi niliyepanga viti. Mlinzi wa usiku.

MLINZI: Hamjambo wanangu. Nasikia mnataja saa nne kana kwamba saa nne inajifunga yenyewe. Ufunguo ninao mimi. Ukumbi ukifungwa jioni mapema, mimi nakaa nje na tochi na redio. Watu wakiwemo ndani, nabaki na pikipiki zao, simu zao zinazochajiwa, na kesi zao. Saa hizo za nyongeza malipo yake yanatoka wapi?

MHANDISI: Tutaliangalia, mzee.

MLINZI: Liangalie, mura. Halafu mnasema mtafuata wasomaji jioni kumi. Mbona wanakuja wenyewe? Baada ya saa tatu kuna watu watatu wanne hukaa kwenye ngazi za ukumbi huohuo, upande wa nyuma, wanasoma simu. Mmoja ni mwanamke, huja na mtoto amelala mgongoni. Wanakaa pale kwa sababu ya ile soketi ya nje.

MHANDISI: Soketi ya nje? Kwenye ramani ya umeme haipo.

MLINZI: Ipo. Aliivuta fundi wa muziki, siku ya harusi.

MHANDISI: Basi leo usiku nakuja, uniite wakifika.

MLINZI: Leo hawaji. Luku imekata tangu juzi.